Kufuli ya Kale na Ufunguo Uliopotea

Mtu akirithi kasha la babu yake, akalikuta limefungwa kwa kufuli ya kale wala ufunguo hauonekani, mara nyingi hushika nyundo. Kufuli huvunjika, na kasha hupasuka pamoja nayo. Leo nataka kuwaeleza habari za mafundi wa kufuli, na jinsi ufunguo mpya ufanywavyo pasipo kuharibu kitu.

Kufunga kwa ufunguo si jambo la jana. Watu wa Misri ya kale walikuwa na komeo la mti, na vijiti viliangukia katika matundu yake kwa uzito wao vikalizuia lisiende. Ufunguo, nao wa mti, ulikuwa na meno ya kuviinua vijiti hivyo. Warumi wakafanya kufuli za chuma, na funguo nyingine zilivaliwa kidoleni kama pete.

Kwa miaka mingi ulinzi wa kufuli za Ulaya ulikuwa vizuizi tu, yaani vipande vya chuma vilivyosimamishwa ndani ili kuupinga ufunguo mgeni. Walakini ufunguo mwembamba uliweza kupita kando yake. Basi mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron akatia ndani vibamba ambavyo sharti viinuliwe kwa kiasi chake: vikizidi au vikipungua, ulimi hauendi. Mwaka 1784 Joseph Bramah akabuni namna nyingine, na tangu 1790 kufuli yake ikawekwa katika dirisha la duka lake London, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeifungua bila ufunguo.

Kufuli ile ilikaa miaka 61. Hata mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, akaja Mmarekani, Alfred Charles Hobbs. Kwanza alifungua kitasa mashuhuri cha Chubb kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akaishika ile ya Bramah, akaifungua baada ya saa 51 za kazi katika siku 16. Watu wengi wakanung'unika ya kuwa anawafundisha wezi. Hoja yake ilikuwa kwamba wezi wameyajua hayo zamani, na anayedhurika kwa kutojua ni mwenye mali.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kufuli yenye kutu haipigwi. Hulowekwa katika mafuta ya taa hata kutu ilegee. Kisha fundi huchungulia tundu: likiwa na msumari katikati, ufunguo wake huwa na shimo nchani la kuupokea, pasipo msumari, nchani hauna shimo. Huchonga kipande cha chuma kiingie barabara, hukipaka masizi ya mshumaa, hukitia na kukizungusha polepole. Akikitoa, huona mahali masizi yalipofutika: hapo ndipo kizuizi kilipogusa. Hukata hapo kidogo kwa tupa, hupaka tena, hujaribu tena. Akikata mno, kazi imepotea, kwani chuma kilichokatwa hakirudi. Kwa kufuli yenye vibamba, mara nyingine ni afadhali kuondoa misumari ya ubavuni, kuifungua, na kupima kila kibamba kwa macho. Kamani iliyokatika nayo hubadilishwa wakati huo huo.

Lakini kabla ya kushika tupa, fundi mwaminifu huuliza: Kasha hili ni la nani, na warithi wenzake wanajua? Mkono uwezao kufungua kila mlango sharti uwe na moyo wa kukataa mingine. Mafundi wa zamani walijaribu kuwazuia wezi kwa chuma. Lakini tumeona ya kuwa chuma hushindwa na mtu mwenye saa 51 na subira. Palipo na ufunguo mpya, ulinzi wa kwanza wa mali ni uaminifu wa aliyeuchonga.