Kumfuata Kijana Anayehama
Historia ya vijana wa Kariakoo imeandikwa zaidi kwa kuhesabu nyumba. J.A.K. Leslie alipoichunguza Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957, alizikuta nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zimejaa wapangaji kutoka kila upande. Kitabu chake cha 1963 ni hazina, lakini ni picha ya kipindi kimoja. Kijana aliyepanga chumba cha uani, hatujui miaka 10 baadaye alikuwa nani. Leo nyumba nyingi za namna ile zimebomolewa kupisha maghorofa. Anayetaka kumtafuta hana hata mlango wa kubisha hodi.

Basi afuatwe mtu, si nyumba. Watasema haiwezekani, mjini watu hupotea. Lakini utafiti uliofanywa mkoani Kagera ulihoji kaya zaidi ya 900 kati ya 1991 na 1994, kisha ukawatafuta watu walewale 2004 na 2010, hata waliohamia mikoa mingine, kwa kuulizia ndugu na majirani. Mwaka 2004 zaidi ya asilimia 90 ya kaya zilipatikana. Waliohama walikuwa wameinuka kimaisha kuliko ndugu zao waliobaki, jambo ambalo anayehoji waliobaki tu asingeliona. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumfuata mtu si kumsaidia. Kweli. Lakini mkoani Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana, uliofundisha afya ya uzazi shuleni, ulipofuatiliwa 2007 na 2008, vijana walijua mengi zaidi kuhusu Ukimwi, ila maambukizi hayakupungua. Habari chungu, na mitihani ya darasani peke yake isingeitoa.