Somo Lisilokungoja

Wanakisomo wa Usevya, leo tutazungumza habari za kuahirisha masomo.

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walijiunga katika vikundi. Walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, kama vile kuchimba vyoo. Redio haikumngoja mtu. Aliyechelewa alikosa kipindi, na wenzake walijua kwamba hakuja.

Siku hizi somo huja pia kwa intaneti, ndani ya simu. Somo hilo hutungoja usiku na mchana, ndiyo maana ni rahisi kusema, "Nitasoma kesho." Na kesho nayo ina kesho yake.

Ninyi wakulima mnajua: mvua haimngoji mwenye shamba, naye huwahi kupanda. Basi jiwekeeni mvua yenu. Chagueni siku na saa. Kila mmoja awe na mwenziwe wa kumwuliza, "Je, umesoma?" Tena mlilojifunza mlitende siku ileile, hata likiwa dogo. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwaherini.