Muuguzi Mpya na Usiku wa Nyasa

Msafiri anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela huiacha baridi ya milimani akaingia kwenye bonde la mpunga, kokoa na mbu. Mvua huko ni nyingi. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote humwaga maji Ziwa Nyasa, na mito hiyo ikifurika njia hukatika. Hospitali ya rufaa iko Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 za kupanda mlima.

Katika mazingira kama hayo, kijana aliyetoka chuo cha uuguzi hukabidhiwa zamu ya usiku. Saa nane za usiku mtoto mwenye malaria, aliyekuwa akinyonya jioni, sasa hanyonyi. Je, amelala au amepoteza fahamu? Muuguzi akimwamsha mkubwa wake bure, ataitwa mwoga. Asipomwamsha, huenda asubuhi kitanda kikawa kitupu.

Swali hilo ni la zamani. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na tiba ilikwenda pamoja na kanisa. Meli ya Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901, ilikuwa kanisa, shule na zahanati kwa watu wa mwambao. Lakini meli hutia nanga kisha ikaondoka. Usiku mgonjwa hubaki na yule aliye kando yake.

Wengi hudhani kwamba dawa ya upweke huo ni mashine kutoka Ulaya. Hebu tutazame yaliyofanyika hapahapa Afrika. Mwaka 1972, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walichapisha chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Waliwafikiria wakunga wa zahanati za mbali. Waliweka mstari wa tahadhari, na mwingine wa kuchukua hatua, ukiwa nyuma yake kwa muda wa saa nne. Muda huo ulikuwa wa kumfikisha mama hospitali kubwa kabla mambo hayajaharibika. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuijaribu kwa wanawake zaidi ya 35,000 huko Kusini-Mashariki mwa Asia: uchungu wa muda mrefu ulipungua, na maambukizo baada ya kujifungua yakapungua pia.

Kusini mwa ziwa letu, mjini Blantyre nchini Malawi, madaktari Molyneux na Taylor na wenzao walichapisha mwaka 1989 kipimo cha fahamu kwa watoto wadogo wenye malaria kali. Hakihitaji umeme wala betri. Mtoto anafuata kitu kwa macho? Alama 1. Analia sawasawa? Alama 2, akiguna tu, 1. Akibinywa, anaupeleka mkono penye maumivu? Alama 2, akiukunja tu, 1. Jumla ni 5. Akipata 2 au pungufu, huyo hajalala: amepoteza fahamu.

Faida yake ni nini? Humpa mdogo ulimi. Badala ya kusema, "Daktari, nina wasiwasi", anasema, "Alama zilikuwa 5 jioni, sasa ni 2." Hapo mkubwa hana pa kujificha.

Hata hivyo, chati haina miguu. Chati inayojazwa asubuhi kwa kukumbuka haimwokoi mtu. Na ukipigwa mstari wa tahadhari lakini gari halina mafuta, mstari unabaki wino. Tena, katika miaka ya 1990 Serikali ilisitisha ajira mpya, na pengo hilo lilionekana muda mrefu: wodi ilikosa wale wa katikati, ambao wangesimama kati ya mstaafu na mgeni kazini.

Kwa hiyo, muuguzi mpya asiachwe peke yake miezi ya mwanzo. Anayeitwa usiku aje, na akikuta mgonjwa hajambo, ashukuru badala ya kukaripia. Binti aliyekaripiwa leo, kesho hataita.

Nasi tulio mjini tusiseme hayo ni ya Kyela. Wazazi wetu wako vijijini, na usiku wa leo roho zao zimo mikononi mwa kijana huyo.