Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Siku ya Krismasi mwaka 1873 liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na paa lake la kuba likamiminwa kwa matumbawe na saruji.

Wageni wanaoingia humo leo huonyeshwa nguzo chache zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini mafundi walipozipanga hivyo. Nguzo hazikuondolewa, zinabeba mpaka leo.

Wengi huwacheka mafundi wale. Sisi tunajiuliza: je, walionyeshwa jengo zima litakavyokuwa? Steere alikijua Kiswahili vizuri, hata akaandika vitabu juu yake, hivyo lugha haikuwa kizuizi. Kama masimulizi ni ya kweli, basi picha ya jengo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, naye aliposafiri akaondoka nayo.

Maandiko yanatufundisha njia nyingine. Musa alionyeshwa mfano wa maskani mlimani (Kutoka 25), lakini hakuuficha. Aliwaeleza watu wote, na Bezaleli na Oholiabu wakapewa moyo wa kuwafundisha wengine. Nehemia sura ya 3 ni kama ramani ya maneno: mfua dhahabu, mtengeneza manukato, Shalumu na binti zake, kila mmoja na kipande chake, na jirani yake anatajwa. Ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Hapa Kiloleli hatujakosa watu wa kazi. Usukumani vijana walilima pamoja chini ya nsumba ntale, na kila mmoja aliliona shamba lote mbele yake. Lakini tumeona mchoro wa kanisa ukifungiwa sandukuni mwa mtu mmoja. Fundi wa pili alipokuja, aliacha mlango mahali pa madhabahu, na wazee wakalaumiana mpaka wengine wakaacha kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Ukuta ulibomolewa kwa siku moja. Upatanisho ulichukua muda mrefu zaidi.

Basi tuubandike mchoro ukutani, tumweleze hata anayebeba maji, naye aruhusiwe kuuliza. Mwili wa Kristo una viungo vingi, na kila kiungo kina haki ya kujua kinachojengwa.