Faili shirikishi la usanifu wa kiolesura

Faili shirikishi la usanifu wa kiolesura ni hati ya mtandaoni inayoonyesha skrini za programu kabla hazijaandikwa kwa msimbo. Zana ya usanifu ya Figma, iliyoasisiwa mwaka 2012 na Dylan Field na Evan Wallace, hufungua faili hilo ndani ya kivinjari. Hivyo mtengeneza programu aliye Sumbawanga huweza kuona papo hapo anachochora msanifu aliye Dar es Salaam. Paneli ya kushoto huorodhesha kurasa na matabaka. Mtengeneza programu akibofya kitufe kilichochorwa, paneli ya kulia humpa vipimo vyake kwa pikseli, rangi, fonti na nafasi za pembeni. Mwaka 2023 Figma ilizindua hali ya kazi iitwayo Dev Mode, mahususi kwa watengeneza programu. Mtengenezaji makini hutambua kwanza vijenzi vinavyojirudia, ili kila kimoja akiandike mara moja tu.