Waya wa Mita Moja

Mwaka 1950 reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika Mpanda. Zilikuwa kilomita 210 zilizokatwa katikati ya pori la miombo, na sababu yake ilikuwa moja tu: madini ya risasi ya Uruwira. Mwaka huohuo mtafiti wa muziki, Hugh Tracey, alikuwa akizunguka Tanganyika na gari lililosheheni vyombo vya kurekodi, akinasa nyimbo za Wanyamwezi, Wasukuma, Wagogo na wengine. Jenereta lake aliliweka mbali, likaunganishwa kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie kwenye wimbo. Maiki aliishika mwenyewe mkononi, akawa anaisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa mpigaji, kisha anairudisha. Ukisikiliza santuri zake leo, unasikia kazi ya mkono huo.

Mambo hayo mawili ya mwaka 1950 yalieleza mapema tatizo la sauti katika magharibi ya nchi. Kwa miongo mingi, mwimbaji wa Kakese, Mwamkulu au Inyonga, katika Katavi ya leo, aliyetaka wimbo wake uhifadhiwe alikuwa na njia mbili: asubiri mwenye maiki apite, au apande garimoshi amfuate. Mgodi wa Uruwira ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kutoka Mpanda kwenda Tabora, kisha Dar es Salaam au Mwanza, mvua za masika zinapokata barabara.

Safari hiyo haikuwa ya watu wa Katavi peke yao. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti zao ziingie kwenye sahani za santuri. Bendi za bara zilitegemea Nairobi, kwenye mitambo ya kuchapa santuri, na Tabora Jazz ni miongoni mwa zilizopita njia hiyo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mlango huo ukawa mgumu. Ikabaki studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, barabara ya Pugu. Pale bendi nzima ilipiga kwa pamoja, maiki zikiwa chache, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Mafundi wa RTD hawakuwa na nafasi ya kurekebisha baadaye, kwa hiyo walitumia muda wao pale sauti inapoingilia: nani asimame wapi, tarumbeta irudi nyuma hatua ngapi, mwimbaji asogee kiasi gani. Rekodi zile bado ni tamu. Anayetaka kujifunza kurekodi kwa vifaa vichache hana shule nzuri kuliko hiyo.

Kwaya nazo zina historia yao. Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na barabara zake zikapewa namba. Kutoka humo ikatoka Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kaseti zake zilisikika mbali sana na pale ilipozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu ya watu wa Ulyankulu ilihamishiwa Mishamo, katika Mpanda ya wakati huo. Uimbaji wa sauti nne ulihama nao. Studio haikuhama.

Mabadiliko yalianzia kwenye kompyuta. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa Sound Blaster, kadi ya sauti iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Jina la kadi hiyo ndilo lililobaki midomoni mwa watu: hata leo prodyuza wa Tanzania anakiita “saundi kadi” kisanduku kinachokaa juu ya meza, ingawa hakina umbo la kadi hata kidogo. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa redio binafsi, nyimbo za vijana zikapata pa kupigwa, na studio binafsi zikaota Dar es Salaam, zikiwemo za Master Jay na P-Funk Majani. Kompyuta ikawa ndiyo mashine ya tepu. Bongo Fleva ilizaliwa humo.

Kiwango cha USB kilitangazwa mwaka 1996 kwa ajili ya kibodi, mausi na printa. Hakuna aliyekuwa akiwaza manju wa Kisukuma. Lakini waya wake ulikuwa na sifa mbili ambazo zingekuja kuwafaa sana watu wa mikoa kama Katavi: unapitisha data na unapitisha umeme. Volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta mpakato zinatosha kuendesha maiki moja au mbili. Ilipofika mwaka 2002, Digidesign ya Marekani iliuza Mbox, kisanduku cha USB chenye matundu mawili, kwa karibu dola 500. Mwaka 2011 Focusrite ya Uingereza ikatoa Scarlett 2i2, ile nyekundu. Focusrite ilianzishwa mwaka 1985 na Rupert Neve, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza vikuza sauti vya studio za AIR za George Martin, aliyewarekodi Beatles. Behringer ya Ujerumani nayo ikaja na UM2 na UMC22, visanduku vidogo vya bei ya chini.

Ndipo Kakese inapoingia. Kata hii ya wakulima wa mpunga, ndani ya Manispaa ya Mpanda, ina watu wa asili nyingi: Wabende na Wakonongo wenyeji, na Wasukuma waliohamia na ng’ombe wao pamoja na ngoma zao, wakiwemo warithi wa mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikiwashwa na majenereta ya dizeli. Studio ya zamani, yenye mikisa kubwa na mashine za tepu, isingedumu hapa. Kisanduku kinachokula umeme wa betri ya kompyuta kinadumu. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, mwimbaji anaendelea.

Kisanduku chenyewe kinafanya nini? Maiki inatoa umeme mdogo mno, sehemu ndogo ya volti. Kikuza sauti kinaupandisha, kisha kibadilishaji kinaupima mara 44,100 kwa sekunde na kuandika namba. Basi. Namba hizo kompyuta yoyote ya kisasa inazimudu. Ubora, au ubovu, unaamuliwa kabla yake, kwenye maiki na kile kitufe cha kuzungusha kiitwacho geini. Kwenye Scarlett kuna duara la taa kukizunguka: kijani sauti ikiwa salama, nyekundu ikipasuka. Mwimbaji aimbe kipande chake chenye nguvu kuliko vyote, si “moja, mbili, tatu” ya kunong’ona, na fundi apunguze mpaka nyekundu isitokee kabisa. Sauti iliyopasuka hapo haitengenezeki tena.

Anayenunua aanze na idadi ya watu watakaorekodi kwa wakati mmoja. Kwa rapa au mwimbaji wa Injili anayeimba juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa, tundu moja la maiki linatosha, na UM2 inamfaa. Inaandika kwa biti 16, ambazo ni zilezile za CD. Kwa manju mwenye zeze, au kwa kwaya, matundu mawili ni lazima, na biti 24 zinasaidia kwa sababu zinaruhusu geini iwe chini bila kuleta kelele: UMC202HD au Scarlett 2i2. Tahadhari moja: ile mashine inayouzwa sana kama “V8” pamoja na maiki ya BM-800 imetengenezwa kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja kwenye simu. Ina vichekesho na mwangwi wa kila aina, lakini chini ya sauti kuna mvumo usiotoka. Pesa hiyo ni afadhali iwekwe akiba mpaka itoshe kisanduku chenye tundu halisi la maiki, la XLR, na umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa.

Penye kelele za mtaa, maiki ya dainamiki kama Shure SM58, iliyopo sokoni tangu mwaka 1966, inashinda kondensa, kwa kuwa haisikii jogoo wa jirani. Sauti ikichelewa kurudi kwenye hedifoni, kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kinamaliza tatizo. Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya kompyuta kwanza. Mara nyingi unatoka hapo. Na chumba kina uzito zaidi kuliko kisanduku: kuta tupu za tofali huirudisha sauti, lakini magodoro, mablanketi na magunia yaliyojaa mpunga huimeza. Bati pekee ndilo halina dawa. Mvua ikianza Novemba, kazi husimama.

Dakika moja ya maiki moja kwa biti 24 inachukua takribani megabaiti 8. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 60. Nyimbo za kulima, za kuvuna na za mashindano ya ngoma wanazozijua wazee wa Kakese zinaingia humo na nafasi inabaki. Kwa hiyo mwenye saundi kadi katika kata hii anaombwa jambo moja kiangazi hiki, mavuno yakishaingia ghalani: kabla ya mdundo unaofuata, amwite manju mzee mmoja, amweke mbele ya maiki, amwache aimbe mpaka achoke. Faili la WAV lihifadhiwe mahali pawili, likiwa na jina la mwimbaji, kijiji na tarehe, na nakala moja abaki nayo mwimbaji mwenyewe.