Gata zisafishwe kabla ya masika, si baada ya dari kuloa

MVUA za masika katika Dar es Salaam na ukanda wa pwani ya Tanzania huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wenye maji mengi kuliko yote. Ndio pia mwezi ambao wenye nyumba wengi huinua macho na kuona doa la rangi ya chai likitanuka kwenye dari ya sebule. Dhana ya kwanza huwa ni bati lililotoboka. Fundi hupanda, hukagua misumari na maungio, kisha hushuka na kusema bati ni zima. Kumbe maji hayakupita katika tundu lolote. Yamevuka ukingo wa gata iliyojaa majani, yakarudi nyuma na kuingia ndani kwa njia ambayo mjenzi hakuitarajia.

Gata, ambayo kamusi huiita mlizamu, ni mfereji wa bati, plastiki au alumini unaofungwa kwenye ncha ya paa ili kukinga maji na kuyapeleka kwenye mabomba ya kushushia. Ni kifaa cha bei ndogo kikilinganishwa na paa lenyewe, na pengine ndiyo sababu hakiheshimiwi. Mtu aliyejenga kwa miaka 10, tofali kwa tofali, kwa mikopo na mafao ya kazini, hupaka rangi upya kila sikukuu inapokaribia, lakini huweza kukaa miaka mitano bila kujua ndani ya gata zake kuna nini.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 ikinyeshewa milimita 50 kwa usiku mmoja, jambo lisilo geni katika pwani wakati wa masika, hupokea lita 6,000, yaani maji ya kujaza matanki sita ya lita 1,000. Maji yote hayo hutakiwa kupita katika mabomba mawili au matatu, ambayo mdomo wa kila moja hauzidi upana wa kiganja. Jani moja likilala juu ya mdomo huo, hesabu nzima huharibika.

Maji yaliyozuiwa hayatoweki. Yakifurikia upande wa mbele, huanguka mahali pamoja chini ya ukuta, mvua baada ya mvua, mpaka yachimbe mtaro ambao mchoraji wa ramani hakuuchora. Katika viwanja vya mchanga, ambavyo ni vingi Dar es Salaam, mchanga huchukuliwa kidogo kidogo na msingi ukabaki wazi. Katika udongo wa mfinyanzi hali huwa tofauti: udongo huo hutanuka unapolowa na kunywea unapokauka, na kwa kuwa upande mmoja wa nyumba hulowa kuliko mwingine, msingi hubebwa bila usawa. Matokeo yake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha na milango. Methali ya ufa na ukuta, ambayo watu huitumia zaidi katika mambo ya siasa na ndoa, hapa haina fumbo lolote.

Aidha, matofali ya mchanga na saruji hunywa maji. Unyevu ulioko chini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa koroboi, ukibeba chumvi za udongoni. Maji yanapokauka, chumvi hubaki juu ya ukuta kama unga mweupe, rangi huvimba na plasta hupukutika. Kupaka rangi nyingine juu ya ukuta wa namna hiyo kabla ya kuondoa chanzo cha unyevu ni kutupa fedha.

Yakifurikia upande wa nyuma, madhara huwa ya siri zaidi. Maji hulowesha ubao wa pembeni mwa paa, ule ambao mafundi huuita fisha bodi, kisha huingia kwenye ncha za kenchi na kutambaa juu ya dari. Mbao zinazolowa na kukosa hewa hushambuliwa na ukungu na kuvutia mchwa. Juu ya dari hiyo hiyo ndiko zinakopita nyaya za umeme. Jipsamu, ambayo siku hizi ndiyo fahari ya sebule nyingi, haina ustahimilivu wa maji: ikilowa hulegea, na kipande kizima huweza kuanguka kwa uzito wake.

Ni vema kutofautisha mambo mawili. Mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua makumi ya watu jijini Dar es Salaam na kuwahamisha wakazi wa mabondeni, hayakuwa ya kuzuiwa kwa kusafisha gata. Mto ukijaa, gata haina la kusema. Lakini nyumba nyingi zinazoharibiwa na maji haziko bondeni. Ziko kwenye miinuko, na maji yanayoziharibu yameanguka juu ya mapaa yake zenyewe.

Kinachoziba gata hutegemea mtaa. Mkungu, mti wa kivuli unaopendwa sana pwani, hupukutisha majani mapana mekundu ambayo moja tu latosha kufunika mdomo wa bomba. Mwembe huangusha maua na vikonyo. Mivinje ni wasumbufu kuliko yote, kwa kuwa vijiti vyake vyembamba kama sindano hupenya katika wavu na kujisuka kama zulia. Kunguru wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 kabla ya kuenea bara, hubeba mifupa na vipande vya waya na kuviacha juu ya mapaa. Hata nyumba isiyo na mti karibu haisalimiki, kwa maana vumbi la barabara zisizo na lami hukusanyika kwenye gata miezi yote ya kiangazi, na mvua ya kwanza huligeuza kuwa tope. Baada ya misimu miwili, majani huota humo.

Kwa mikoa yenye misimu miwili ya mvua, kazi hii inapaswa kufanyika mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, ambayo hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Mikoa yenye msimu mmoja, kama Dodoma na Mbeya, yaweza kuridhika na usafishaji wa Oktoba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wake kabla ya kila msimu, na tangazo hilo lingefaa kuwa ndiyo kengele ya kutafuta ngazi.

Namna ya kusafisha

Kazi yenyewe huhitaji asubuhi moja. Taka huzolewa kwa mkono uliovaa glovu au kwa mwiko mdogo wa plastiki, huwekwa ndani ya ndoo na kushushwa chini. Zisisukumwe kwenye bomba. Kosa hilo ni la kawaida mno kwa vibarua wanaolipwa kwa haraka, na huhamisha tatizo kutoka mahali linapoonekana hadi mahali lisipoonekana, yaani kwenye kona ya bomba la kushushia. Baada ya kuzoa, ndoo mbili za maji zimiminwe kwenye ncha iliyo mbali na bomba. Maji yakisimama katikati, gata imelegea na vishikizo vyake vinahitaji kuinuliwa. Mwinamo wa nusu sentimita kwa kila mita moja unatosha. Yakitiririka vizuri lakini yakatoka polepole chini, bomba limeziba.

Ukaguzi wa kutu ufanyike wakati huo huo. Majani mabichi hushikilia unyevu dhidi ya bati, na kwenye nyumba zilizo karibu na bahari chumvi ya hewani huongeza kasi ya kutu. Tundu dogo huzibwa kwa silikoni likiwa kavu. Likiachwa, kipande chote hubadilishwa.

Ngazi ndiyo hatari kubwa. Isiegemezwe kwenye gata, kwani vishikizo vyake havikuundwa kubeba mtu. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani, na pawepo mtu wa kuishikilia. Mahali ambapo waya wa umeme huingia nyumbani kwa kupitia ukingo wa paa, ngazi ya chuma isitumike kabisa.

Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbestosi zina sharti la peke yake. Tope la gata zake laweza kuwa na nyuzi za madini hayo, ambayo Shirika la Afya Duniani linayataja kuwa husababisha saratani. Liondolewe likiwa limelowa, na paa lisisuguliwe kwa brashi.

Paa lililofichwa

Katika miaka ya karibuni umeenea mtindo wa nyumba ambazo paa lake halionekani kwa sababu limezungukwa na ukuta mfupi. Nyumba hizo hupendeza, lakini gata yake iko ndani ya ukuta huo. Gata ya kawaida ikiziba, sehemu kubwa ya maji humwagika nje. Hii ikiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya nyumba. Kinga yake ni tundu la dharura linalotobolewa kwenye ukuta huo, chini kidogo ya kimo ambacho maji yakifika yataingia chini ya bati, ili kufurika kuonekane nje mapema. Mwenye nyumba ya aina hii asingoje misimu. Kila baada ya mwezi mmoja wa mvua mtu apande kutazama.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, unaonyesha mambo yanavyokuwa kwa muda mrefu. Majumba yake yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezikwa ukutani. Maji yanayovuja kutoka mlizamu uliopasuka hulowesha ukuta, na boriti huoza pale pale zinapoegemea, mahali ambapo macho hayafiki. Kupaka saruji juu ya chokaa, dawa inayopendwa na wenye haraka, hufungia unyevu ndani.

Yapo pia madhara ya kiafya. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu aina ya Aedes anayeieneza huuma mchana na hutaga katika maji yaliyotuama karibu na watu, gata zikiwemo. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji, kisha mbu kamili hutokea katika muda wa wiki moja hadi mbili. Kupuliza dawa ndani ya vyumba hakuyafikii mayai yaliyo juu ya paa.

Katika nyumba za kupangisha, gata huwa haina mwenyewe. Mpangaji husema nyumba si yake. Mwenye nyumba husema hakai humo. Mkataba wa pango wenye sentensi moja ya kutaja anayesafisha na mwezi wa kusafisha ungepunguza ugomvi mwingi. Sentensi nyingine itaje maji yanakoelekezwa, kwa kuwa bomba linalomwaga kwa jirani huishia katika ofisi ya serikali ya mtaa. Wanaoyakinga kwenye tanki wayaache maji ya mvua ya kwanza yapite, maana hayo ndiyo yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege.